Jiwe au simu? Picha moja, programu nne, na kijana aliyelala kwa shangazi wiki mbili

Kijana kwenye picha yangu alikuwa ameshika kitu mkononi. Kwa saa mbili nzima mtandaoni, kitu hicho kilikuwa jiwe. Na aliyekigeuza kuwa jiwe ni mimi.

Wacha nianze mwanzo. Juni 25, 2025, mwaka mmoja kamili tangu vijana waingie Bungeni kupinga Mswada wa Fedha wa 2024, nilikuwa katikati ya jiji la Nairobi na kamera yangu ya mtumba. Siku hiyo Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo vya televisheni na redio viache kupeperusha maandamano moja kwa moja. Mitambo ya baadhi ya vituo ilizimwa, kabla Mahakama Kuu kusimamisha agizo hilo. Kwa hivyo kama ulikuwa mtaani na kamera ama simu, wewe ndiwe ulikuwa runinga ya watu waliobaki nyumbani. Nakubali, hilo lilinipandisha kichwa kidogo.

Saa kumi na mbili kasorobo jioni, Kenyatta Avenue. Moshi wa vitoa machozi umetanda, jua limechungulia kutoka mawinguni upande wa Uhuru Highway na linanipiga moja kwa moja machoni. Kijana mwenye jaketi la mistari anakatiza barabara, mkono wa kulia uko juu. Nikabonyeza na kushikilia. Kamera ikaona anga jeupe na moshi unaong'aa, ikadhani kuna mwanga mwingi, ikaupunguza. Matokeo yake ni anga safi, moshi safi, na kijana mweusi tititi kama kivuli ukutani.

Mtu yeyote anayepiga picha anaijua shida hii. Mwanga uko nyuma ya mtu, mtu yuko gizani, na hakuna nafasi ya kumwambia, "Boss, rudi hapa tuanze upya."

Nilipofika keja, kabla hata ya kunywa maji, nilihamisha picha ile ya JPEG kwenye simu na kuitia kwenye apu ya kuboresha picha kwa akili unde. Sitaitaja jina kwa sababu ziko nyingi na kazi yao ni moja. Unagusa mara moja, unangoja sekunde kumi. Giza likaondoka. Sura ya kijana ikatokea, macho, pua, hata nyusi. Na mkononi likatokea jiwe. Jiwe la kijivu, lenye kona mbovu na kivuli chake chini. Lilikuwa jiwe safi kabisa, huwezi kubisha.

Nikaposti. Nikaandika kitu kama Daudi na Goliathi. Kwangu mimi zilikuwa sifa. Laiki zikamiminika.

Shida ni kwamba siku hiyo pia kulikuwa na maduka yaliyovunjwa na kuporwa mjini. Ndani ya saa moja akaunti nyingine ilikuwa imechukua picha yangu, imeweka duara jekundu kwenye mkono ule, na kuandika, "Huyu mnamjua? Ndio hawa wanavunja maduka." Watu wa mtaa wake wakalijua jaketi. Kisha ikaingia meseji inboksi: "Bro, mimi ndiye huyo. Hiyo si jiwe, ni simu. Nilikuwa natafuta mtandao nimpigie mathe. Tafadhali itoe."

Niliitoa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Picha za skrini zilikuwa zimesambaa kwenye makundi ya WhatsApp ambayo siwezi hata kuyaona. Kijana huyo alilala kwa shangazi yake wiki mbili.

Ndipo nilipofanya kitu ambacho ningekifanya kabla ya kuposti. Nilifungua faili ghafi.

Faili ghafi ni kitu gani?

Kamera nyingi zinaweza kuhifadhi picha kwa njia mbili. Ya kwanza ni JPEG, ile ambayo iko tayari kutumwa. Hapo kamera yenyewe imeshaamua rangi, imeshaongeza makali, imeshafuta chenga na kutupa habari isiyohitaji ili faili liwe dogo. Ya pili ni RAW, yaani picha ghafi. Hii ni kumbukumbu ya mwanga jinsi ulivyogonga kihisi cha kamera, kabla haujapikwa. Fikiria unga na chapati. Chapati ukishaipika huwezi kuirudisha iwe unga.

Tofauti yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. JPEG ya kawaida ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, kutoka giza hadi weupe. Faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384. Ndiyo maana unaweza kuvuta mtu kutoka gizani kwenye faili ghafi, ilhali kwenye JPEG ukijaribu unapata matope.

Lakini hata faili ghafi si picha bado, na hapa ndipo mambo yanakuwa matamu. Kihisi cha kamera nyingi kimefunikwa na vichujio vidogo vya rangi, nyekundu, kijani na samawati, mpango uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak na kupewa hataza mwaka wa 1976. Kila nukta inaona rangi moja tu. Nukta yenye kichujio chekundu haijui lolote kuhusu kijani. Kwa hivyo programu inapofungua faili inaangalia majirani wa nukta hiyo na kukisia zile rangi mbili zilizokosekana. Maana yake ni kwamba theluthi mbili ya habari ya rangi kwenye picha yoyote ya kidijitali ya aina hii ni makisio. Makisio ya busara, ya hesabu, lakini makisio.

Na kila programu inakisia kwa njia yake.

Programu tatu zaidi, na mkono uleule

Nilianza na darktable. Ni ya bure kabisa, inaendeshwa na watu wanaojitolea, na inaingia kwenye Linux, Windows na Mac. Laptopu yangu ni ya ex-UK, kwa hivyo inahema ukiifungulia vitu vizito, lakini inafika. Darktable haikubembelezi. Ukifungua faili inakuonyesha picha iliyopauka, kisha inakuachia vyuma vyote ufunge mwenyewe. Nilipandisha mwanga stopu nne. Kila stopu inazidisha mwanga mara mbili, kwa hivyo stopu nne ni mara 16. Kijana akatoka gizani, lakini akatoka na chenga, zile za runinga ya zamani ikikosa stesheni. Kuna kifaa ndani yake cha kupunguza chenga ambacho kinatumia vipimo vya aina ya kamera yako, yaani kinajua kamera hiyo hutoa chenga za namna gani. Nikakitumia kwa kiasi. Usoni niliona mtu. Mkononi niliona doa la kijivu lenye upande mmoja ulionyooka kidogo.

Nikahamia RawTherapee, nayo ya bure. Uzuri wake ni kwamba inakuachia uchague hata njia ya kukisia rangi. Njia moja inaitwa AMaZE, na hapana, haina uhusiano wowote na "maze" yetu ya mtaani. Nilijaribu tatu. Kwenye moja, ukingo wa lile doa ulionekana kama mstari. Kwenye nyingine ulikuwa na vijino vijino. Faili halikubadilika na mwanga ulikuwa uleule, lakini doa likawa na sura mbili.

Mwisho nilimwomba rafiki anayepiga picha za harusi anifungulie kwenye Lightroom yake. Hii ndiyo ya wenye biashara, na kwa kweli ni tamu. Unasogeza mstari wa vivuli, unasogeza wa mwanga mkali, na picha inakaa vizuri bila vita. Tangu Aprili 2023 ina kifaa cha akili unde cha kuondoa chenga kwenye faili ghafi. Tulikijaribu pia. Ngozi ikatulia, jaketi likaonekana hadi mistari. Kwa harusi ningelipa kesho. Mkononi kulikuwa na kitu laini, cha rangi ya kijivu, kisicho na jina.

Hesabu ikawa hivi. Programu tatu za faili ghafi, hakuna hata moja iliyonionyesha jiwe. Lakini wacha niwe mkweli, hakuna hata moja iliyonionyesha simu. Picha nzima ilikuwa na pikseli milioni 24, lakini kijana alikuwa mbali, na ngumi yake ilikuwa na upana wa pikseli kama 30 hivi. Ndani ya pikseli 30 zilizozama gizani hakuna habari ya kutosha kusema ni nini. Jibu la haki lilikuwa "haijulikani". Ni apu ya simu peke yake iliyokuwa na uhakika.

Uhakika huo ulitoka wapi? Apu za aina hiyo zimefunzwa kwa mamilioni ya picha. Zikikuta doa zinajiuliza swali tofauti na lako. Wewe unauliza, "Hapa palikuwa na nini?" Apu inauliza, "Mahali kama hapa kwa kawaida huwa na nini?" Halafu inachora jibu kwa makali ya kutosha kukufanya uamini. Siwezi kuingia ndani yake nijue ilifikiria nini. Najua tu kwamba kona zile za jiwe hazikuwa kwenye faili.

Kama unadhani natia chumvi, kumbuka kisa cha mwezi. Machi 2023 mtumiaji mmoja wa Reddit alichukua picha ya mwezi, akaifanya kuwa na ukungu kusudi, akaiweka kwenye skrini ya kompyuta na kuipiga kwa simu ya Samsung. Simu ikamrudishia mwezi wenye mashimo na mabonde ambayo kwenye skrini hayakuwepo. Samsung baadaye ilieleza kwamba kamera yake hutambua mwezi na kutumia akili unde kuongeza undani. Kwa mwezi ni sawa, mwezi haubadiliki sura na hauna mtaa wa kurudi usiku. Mkono wa kijana kwenye maandamano ni kitu kingine.

Si jambo geni, lakini sasa ni letu

Watu wamekuwa wakibishana kuhusu hili kabla hatujazaliwa. Juni 1994 jarida la TIME lilichapisha kwenye jalada picha ya polisi ya O.J. Simpson ikiwa imetiwa giza. Newsweek ilitumia picha hiyohiyo bila kuigeuza hivyo. Zilipokaa pamoja kwenye meza za magazeti, kila mtu aliona.  Mwanga ulipunguzwa, na mtu mweusi akaonekana hatari zaidi kabla kesi yake kusikilizwa.

Na upande wa pili wa shilingi ni huu: picha za watu weusi zimeharibiwa na mitambo miaka mingi bila hata mtu kukusudia. Filamu za rangi za Kodak zilipimwa kwa kadi zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine iko sawa. Sisi tukitoka kama makaa, shauri yetu. Ni juzi tu, mwaka wa 2021, ambapo Google ilitangaza Real Tone kwenye simu za Pixel 6 ili ngozi nyeusi itoke kama ilivyo. Kwa hivyo nikisema usiguse picha kabisa nitakuwa nadanganya. Kamera ilipomwacha yule kijana gizani, huo pia haukuwa ukweli. Mimi nilikuwa pale, nilimwona sura. Kumvuta kutoka gizani ilikuwa kumrudishia haki yake. Kumpa jiwe ilikuwa kumnyang'anya.

Mashirika makubwa ya habari yamejaribu kuchora mstari hapo. Mwaka wa 2015 shindano la World Press Photo liliwaondoa asilimia 20 ya waliofika raundi ya mwisho kasoro moja, baada ya kulinganisha picha zao na faili asili. Novemba mwaka huohuo Reuters iliwaambia wapiga picha wake wa kujitegemea waache kutuma picha zilizotengenezwa kutoka faili ghafi, watume JPEG ya kamera. Sababu zilikuwa maadili na kasi. Na Machi 2024 mashirika ya AP, AFP, Reuters na Getty yaliondoa picha ya familia ya Kate, mke wa mwana wa mfalme wa Uingereza, baada ya kugundua imechezewa. Alijitokeza kuomba radhi akisema hujaribu kuhariri picha kama wapigapicha wengine wa kujifurahisha.

Msimamo wa Reuters nauelewa, lakini haunitoshi. JPEG ya kamera nayo imepikwa, ila mpishi ni kampuni iliyotengeneza kamera. Na JPEG ndiyo hasa niliyoitia kwenye apu. Kilichoniokoa baadaye ni kwamba kamera ilikuwa imehifadhi zote mbili. Kwa maoni yangu, swali la kumuuliza mpiga picha si kama amehariri. Muulize, "Unaweza kuonyesha ulikotoka?"

Kwetu swali hilo lina uzito. Aprili 2025 BBC Africa Eye ilitoa filamu ya Blood Parliament, iliyochambua zaidi ya picha 5,000 za Juni 25, 2024 ili kuwatambua maafisa wa usalama waliofyatulia waandamanaji risasi pale Bungeni. Na Juni 17, 2025 mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi kwa karibu sana mjini Nairobi, na kama si kamera zilizokuwa hapo, lingebaki neno lake dhidi ya neno la mwenye bunduki. Baadaye alifariki. Picha zetu, zile tunazopiga tukikimbia, sasa ni ushahidi. Siku moja wakili atasimama na kuuliza, "Picha hii ilipitia programu gani?" Ukijibu kwamba uligusa kitufe kimoja na hujui kilifanya nini, umemwachia mlango wazi. Akishaonyesha kwamba jiwe moja ni la kubuni, atasema hata risasi ni ya kubuni.

Sheria yetu tayari inagusa jambo hili. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti kinachoeleza jinsi ilivyotolewa na kifaa kilichotumika. Kwa lugha ya mtaa, ukileta picha kortini, leta na hadithi ya safari yake.

Swali la doo

Sasa utaniambia, "Buda, mimi sina kamera, na Lightroom inalipiwa kwa dola." Uko sawa. Mpango wa bei nafuu wa Lightroom na Photoshop, ule wa dola 9.99 kwa mwezi, ulifungwa kwa wateja wapya Januari 2025. Unaobaki wa programu hizo mbili pamoja ni wa dola 19.99, karibu Sh2,600 kila mwezi. Hiyo ni pesa ya chakula kwa mtu kama mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa. Kuna kamera pia ambazo zinatia muhuri wa kidijitali kwenye picha ili ijulikane imetoka wapi. Ya kwanza kuuzwa ikiwa na kitu hicho ndani ilikuwa Leica M11-P, Oktoba 2023. Bei yake inapita Sh1 milioni. Hiyo ni kamera ama ni gari?

Lakini angalia vile mambo yamepangwa. Vifaa vinavyohifadhi ukweli vinauzwa ghali, na vinavyobuni vinapeanwa bure, na matangazo juu. Mtu mwenye simu ya Sh15,000 ndiye yuko karibu zaidi na tukio, na ndiye simu yake inamhariria picha bila kumuuliza. Kamera za simu siku hizi huunganisha picha kadhaa kuwa moja, hulainisha ngozi na kuongeza makali kabla hujaona chochote. Ndiyo maana sipendi tukiambiwa "vijana jifunzeni uandilifu" na hakuna anayezungumzia vifaa.

Habari njema ni kwamba kuna njia za bure. Darktable na RawTherapee nimeshazitaja. Kwenye simu za Android kuna Open Camera, ya bure, ambayo inaweza kuhifadhi faili ghafi ikiwa simu yenyewe inaruhusu. Si zote zinaruhusu, jaribu yako leo kabla siku ya kuihitaji haijafika. Snapseed ya Google pia inafungua faili ghafi za DNG.

Haya ndiyo mazoea niliyojiwekea baada ya aibu yangu:

Moja, naweka kamera ihifadhi RAW na JPEG pamoja. Kadi inajaa haraka, sawa, lakini kadi ni rahisi kuliko kesi.

Mbili, faili ghafi siligusi. Darktable inanisaidia hapa kwa sababu haiandiki juu ya faili. Kila hatua unayofanya inaandikwa kwenye faili dogo la pembeni linaloishia na .xmp. Mtu akitaka kujua nilifanya nini, nampa faili mbili, na anaweza kurudia hatua zangu zote mwenyewe.

Tatu, napandisha na kushusha mwanga, narekebisha rangi, nakata kingo, napunguza chenga kidogo. Kitu chochote kinachoahidi "kuongeza undani" hakigusi picha ya habari. Undani hauongezwi. Ama uliupata ulipobonyeza, ama hukuupata.

Nne, sifuti fremu za kabla na baada, hata zikiwa mbovu. Hii ndiyo muhimu kuliko zote, utaona sababu hivi punde.

Tano, kabla ya kuposti naangalia sura. Kama picha inaweza kumletea mtu makarau ama majirani mlangoni, naifunika sura kwenye nakala ya kuposti, na naondoa habari za mahali zilizofichwa ndani ya faili. Faili ghafi inabaki nzima mahali pawili tofauti.

Sita, kama sijui mtu ameshika nini, naandika sijui. Ama siandiki kitu.

Fremu ya sita

Sasa turudi kwa kijana. Nilikaa na ile picha siku tatu nikiiteswa na pikseli 30, nikihama programu hii hadi ile kama mtu anayebadilisha waganga. Ni yule rafiki wa harusi aliyeniuliza swali la kijinga ambalo lilikuwa la maana: "Ulipiga moja tu?"

Nilikuwa nimeshikilia kitufe. Kulikuwa na fremu tisa. Sikuwa nimezifungua kwa sababu kwenye skrini ndogo ya kamera zilionekana zote nyeusi, na ile ya kwanza ndiyo ilikuwa na mkono juu vizuri, ile yenye ushujaa. Nilifungua ya sita, kama sekunde mbili baadaye. Nikapandisha stopu nne, bila akili unde, bila mbwembwe. Moshi ulikuwa umesogea, na amegeuka upande. Mkono uko sikioni. Kati ya kiganja na shavu kuna mstatili mwembamba, na ukingo wake mmoja unang'aa samawati.

Nilimtumia fremu zote tisa, na saa ya kila moja. Alizipeleka kwa mzee wa mtaa na kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba aliangalia, akamwambia arudi. Kwenye yale makundi ya WhatsApp hakuna aliyeomba radhi, na yule mwenye duara jekundu hajawahi kujibu meseji zangu.

Tulikutana baadaye kwa kibanda cha chai karibu na stegi yao. Nilitarajia atanikasirikia, na alikuwa na haki. Alitazama fremu ya kwanza kwenye laptopu yangu kwa muda mrefu, ile nyeusi, kabla haijaguswa. Akaniuliza kama naweza kuihifadhi vilevile. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kama mathe wake anaweza kuona ile ya sita, kwa sababu ile simu ilishika mtandao, na aliyekuwa upande ule mwingine ni yeye.